Bunda Lenye Mhuri Namba Nne

SAA 3:10 ASUBUHI

Mjomba alichora ramani kwa chaki juu ya meza ya kukatia vitambaa. Chumba kilikuwa nyuma ya karakana ya fundi makochi. Kilinuka gundi na sponji kuukuu. Watu wanne walisimama kuizunguka meza, maana katika chumba kizima cha mtengeneza viti hakukuwa na kiti hata kimoja chenye miguu minne.

"Madirisha matatu mbele," Mjomba alisema. "Stoo nyuma. Sefu ndani ya stoo. Saa saba na nusu mchana wanafunga nusu saa. Sefu inabaki wazi, wanafunga mabunda. Saa nane gari la benki linakuja kuchukua mzigo. Sisi tunaingia katikati."

Hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Alikuwa mzee wa kazi, mwenye sauti ya upole iliyowahi kuwapeleka watu wengi jela na yeye mwenyewe mara moja tu. Kulia kwake alisimama Nati, fundi wa kufuli, mwembamba, mwenye midomo mikavu. Kushoto alikuwa Breki, dereva, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajulikani kuikanyaga. Wa nne alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, Kidole.

Jina alilipata kazini. Miaka tisa alikaa dirisha la pili la duka lile lile lililochorwa pale kwa chaki, duka la kubadilisha fedha karibu na uwanja wa ndege. Wasafiri walimletea dola zilizotoka kwenye soksi, zilizoshonewa kwenye pindo la gagulo, zilizokunjwa mara nane kama dawa ya mganga. Yeye aliipitisha noti chini ya kidole gumba mara moja tu. Nzuri, au karatasi. Taa ya zambarau ya kukagulia noti ilikuwa ya wenzake.

"Mle ndani tutapoteza muda kuhesabu?" Breki aliuliza.

"Hapana," Kidole alijibu. "Bunda likishafungwa utepe na kupigwa mhuri wa keshia, halihesabiwi tena. Mhuri ndio neno lake. Duka zima linakwenda hivyo, na benki pia."

"Umesikia?" Mjomba alitabasamu. "Lenye mhuri halihesabiwi. Nimeipenda hiyo."

Kidole hakutabasamu. Kanuni hiyo ndiyo iliyomuumiza. Miezi minne iliyopita alikusanya akiba yake yote ili mama yake akafanyiwe upasuaji wa moyo nje ya nchi. Bosi alimbadilishia fedha mwenyewe, akamkabidhi bunda lililofungwa, mhuri juu. Kidole, mtu asiyewahi kukosea noti, aliliweka kwenye mkoba wa mama yake bila kulifungua. Kulifungua kungekuwa kumtukana Bosi. Huko hospitalini keshia aliwasha taa, na zaidi ya nusu zilikuwa bandia. Mama alilala mahabusu siku mbili na moyo wake ule ule mbovu. Bosi akamfukuza Kidole kazi, akatangaza kwamba yeye ndiye msambazaji wa noti hizo.

Tangu hapo mama yuko kwenye chumba cha kupanga huko ugenini, anauguzwa na mdogo wake Kidole. Hospitali imetoa nafasi ya mwisho, Jumatatu. Dola elfu tisa, taslimu, na kila noti itapita kwenye taa. Mama mdogo wa Kidole, ambaye angezipeleka, alikuwa na tiketi ya ndege ya leo, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Alichokuwa hana ni hizo elfu tisa.

"Tukitoka," Mjomba aliendelea, "mifuko miwili inabaki kwenye gari na sisi. Mmoja Kidole anakuja nao hapa kwa miguu, anatusubiri. Saa kumi na moja tunagawana."

"Kwa nini mimi?"

"Mwanamke na mfuko wa sokoni. Nani atamtazama?"

Jibu lilikuwa zuri. Kidole alilikubali, ingawa lilikuja haraka mno.

SAA 6:45 MCHANA

Mama mdogo alipiga simu. Alikuwa mtu wa kupiga kelele kwenye simu, kana kwamba umbali unashindwa kwa mapafu.

"Begi nimeshafunga! Nimeweka na sweta, wanasema huko kuna baridi. Hizo hela vipi?"

"Saa tisa, mlango wa wanaosafiri. Usiingie ndani mpaka unione."

"Umekopa kwa nani, mwanangu?"

"Kwa mtu ninayemdai."

"Mimi sijasikia kitu," mama mdogo alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema polepole.

SAA 7:32 MCHANA

Mlango wa nyuma. Ovaroli za bluu, barakoa, sanduku la zana. Mafundi wa viyoyozi. Mjomba alikaa kwenye benchi la mbele na gazeti, bastola chini ya koti. Breki alikuwa uchochoroni, injini ikinguruma.

Nati aliingiza ufunguo wake wa bandia. Haukuhitajika. Mlango haukuwa umefungwa.

"Mbona rahisi?" alinong'ona.

Kiti cha mlinzi kilikuwa kitupu. Sahani yake ya chakula haikuwepo, redio yake haikuwepo. Madirisha yote matatu yalikuwa matupu pia. Miaka tisa Kidole hakuwahi kuona mabinti wote wakiachiwa kwenda kula pamoja. Aliusukuma mlango wa stoo.

Bosi alikuwa amesimama mbele ya sefu, mikono juu tayari. Miguuni pake kulikuwa na mifuko mitatu ya turubai, imefungwa zipu.

"Chukueni," alisema. "Chukueni tu, msiniumize."

Alisema kama mtoto anayeimba shairi la shuleni. Hakuwa na hata tone la jasho.

Nati alishika mifuko miwili. "Twende!"

"Ngoja."

Kidole alipiga goti, akafungua zipu ya mfuko wa tatu. Mabunda ya dola mia mia, tepe safi, mhuri wa wino wa zambarau juu ya kila utepe. Mhuri wa duara, neno KESHIA, namba katikati.

Namba nne.

Namba nne ilikuwa yake; mhuri humfuata keshia, si dirisha. Mhuri ule aliurudisha siku aliyofukuzwa, akatia sahihi karatasi ya makabidhiano, na nakala yake ya njano alikuwa nayo hadi leo. Alivua glavu. Alichomoa noti moja katikati ya bunda, akaipitisha chini ya kidole gumba. Mahali pa kola ya yule mzee kwenye picha panapaswa kukwaruza kidogo. Paliteleza kama sabuni.

Alivuta bunda jingine. Karatasi. Jingine. Karatasi.

Basi akavuta barakoa chini ya kidevu.

"Shikamoo, Bosi."

"Marahaba," Bosi aliitikia, kisha akashtuka kwamba ameitikia.

"Umewaruhusu watu wote wakale?"

"Kidole, twende!" Nati alikuwa mlangoni.

"Nati, hizi zote ni karatasi. Zimepigwa mhuri wangu. Nikikutwa na mfuko huu leo, itasemwa ni mimi niliyekuwa naziingiza humu siku zote. Sivyo, Bosi? Wakaguzi wanakuja lini?"

Bosi alilamba midomo. "Jumatatu. Lakini mwanangu, hata mimi... Mjomba alisema hutafungua. Alisema utabeba tu."

Nati aliweka mifuko chini taratibu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Mjomba alisema nini?"

Jibu lilikuwa limejaa chumba kizima. Kidole alihisi hasira ikimpanda kutoka miguuni. Hakulia wakati ule mama yake alipolala mahabusu, na hakuwa na nia ya kulia leo. Alimtazama Bosi vizuri, kwa jicho la dirishani, lile la kumpima mteja. Kidole gumba cha kulia cha Bosi kilikuwa na wino wa zambarau. Na tumbo.

"Umenenepa," alisema.

"Nini?"

"Miaka tisa ulikuwa huna tumbo. Miezi minne tu, kitambi."

Alimpiga konde moja katikati. Hakikutoka kilio. Ilitoka sauti ya mto uliojazwa magazeti.

Nati alianza kucheka, cheko la woga. Bosi huyu ndiye aliyekuwa akiwasimanga wateja kila wanapogeuka. Mshamba, eti, anasafiri na hela tumboni, hata mbwa wa uwanja wa ndege atamcheka. Sasa alifunguliwa shati mwenyewe. Chini yake ulikuwepo mkanda wa kitambaa wenye mifuko sita, umekazwa mpaka umemwacha alama. Kidole aliufungua, akachungulia mfuko mmoja, akagusa. Kola ilikwaruza. Ilikwaruza vizuri sana. Katika mfuko wa mwisho mlikuwa na pasipoti na tiketi ya leo, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, ya kwenda tu.

"Ulikuwa upande ndege moja na mama yangu mdogo," Kidole alisema. "Dunia hii haina aibu."

Aliufunga mkanda ule kiunoni mwake, chini ya ovaroli. Mifuko miwili ya Nati nayo aliigusa: karatasi. Kisha akaokota utepe mmoja uliokatika, akauinua kwenye mwanga.

"Na tarehe umesogeza, Bosi."

Bosi alitazama. Mhuri wa keshia una magurudumu madogo ya tarehe, na keshia husogeza tarehe kabla ya kitu chochote, kabla hata ya kuvua koti. Bosi alianza kazi dirishani, miaka thelathini iliyopita. Jana usiku au leo alfajiri alikaa hapa peke yake kugonga mabunda ya kumfunga mtu, na mkono wake, bila kumuuliza, ukasogeza tarehe kuwa ya leo. Namba ya mtu aliyeondoka miezi minne iliyopita. Tarehe ya asubuhi hii.

Mdomo ulimshuka. Walimfungia humo humo stoo.

SAA 7:44 MCHANA

Uchochoroni Mjomba alikuwa amekwisha kaa mbele, kando ya Breki. Nati alirusha mifuko miwili ndani. Wa tatu Kidole aliupenyeza kwenye kikapu cha sokoni, akafunika kwa kanga.

"Zimehesabiwa?" Mjomba aliuliza. Macho yake yalikuwa kwenye mifuko, na yaling'aa. Kidole alielewa hapo hapo. Mzee huyu alikuwa ameahidiwa miwili mizuri na mmoja mbovu. Naye pia hakujua kwamba yote mitatu ni karatasi.

"Zina mhuri," Kidole alisema. "Toka lini bunda lenye mhuri likahesabiwa?"

Mjomba alicheka. "Nati, panda."

"Natembea na Kidole. Mfuko mzito."

"Panda gari, Nati."

"Kwa nini?"

Upole ulitoka kwenye sauti ya Mjomba. "Kwa sababu nimesema."

"Kuna nini kule karakana, Mjomba? Kuna wageni?"

Mjomba aliinua pindo la koti. Mpini wa bastola ulionekana. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo ghorofani aliacha kuanika, akainama kutazama. Breki aliangalia mbele, mikono kwenye usukani, shingo imekakamaa.

"Piga," Nati alisema. "Mchana kweupe, piga."

Mjomba hakupiga. Alimgusa Breki bega, na gari likaondoka kwa kasi kama kawaida yake.

SAA 8:50 ALASIRI

Walijifungia kwenye choo cha kituo cha mafuta, njia ya uwanja wa ndege. Kidole alitandaza kanga juu ya sinki. Alichomoa noti tisini, moja moja. Kila moja aliipitisha chini ya kidole gumba, mbele na nyuma. Mbili alizikataa kwa kuwa zilikuwa na kunjo katikati, moja kwa alama ya kalamu, akachomoa nyingine tatu. Huko nje wanazirudisha kwa sababu ndogo kuliko hizo.

"Umerogwa?" Nati alikuwa ameegemea mlango, akitazama mkanda. "Humo mna zaidi ya elfu hamsini, wewe unachambua kama mchele."

"Kilichobaki ni chako."

Nati aliinua macho kutoka kwenye mkanda. Alitafuta mtego katika maneno yale, hakuuona.

"Chako vipi? Tugawane, tupotee. Jioni tuko mbali."

"Mimi nikipotea, polisi watanitafuta. Wataanza kwa ndugu zangu. Saa kumi watakuwa uwanja wa ndege wanampekua mama mdogo. Lakini wakinikuta kule karakana walikoahidiwa kunikuta, hawatakuwa na sababu ya kwenda kwingine. Na wakinikuta na noti nzuri hata moja, watauliza nyingine ziko wapi. Chukua uende zako."

"Utafungwa, Kidole."

"Nitafungwa."

"Na Bosi akisema kuhusu mkanda?"

"Aseme? Aseme alikuwa na dola za wateja tumboni na tiketi mfukoni?"

Nati alitikisa kichwa. Alivaa mkanda. Pasipoti na tiketi Kidole alibaki nazo. Mlangoni yule mwizi aliyekuwa kazini miaka kumi na tano aligeuka, akamwambia kitu ambacho hajawahi kumwambia mtu. Alimwambia, "Mama apone."

SAA 9:05 ALASIRI

Mama mdogo alikuwa amesimama kando ya toroli, sweta kiunoni. Kidole alimkumbatia. Bahasha ilipita kati yao.

"Kwenye mkoba, chini ya mkono. Hata chooni uingie nao. Usibadilishe kitu kule uwanjani, wanakata sana. Usimwonyeshe mtu. Ukifika, mpe mdogo wangu mkononi."

"Na wewe?"

"Nina kikao."

Mama mdogo alimshika uso kwa mikono miwili, akamtazama sana. Hakupiga kelele. Aliingia ndani bila kugeuka, mkoba chini ya mkono kama alivyoagizwa.

SAA 11:20 JIONI

Mlango wa karakana ulivunjwa bila haja, maana ulikuwa wazi. Bunduki tatu. Kidole alikuwa ameketi juu ya fremu ya kochi, mikono mapajani, mfuko mezani juu ya chaki ya Mjomba.

"Karibuni," alisema. "Mmechelewa dakika ishirini."

Mpelelezi alikuwa mtu mfupi mwenye miwani ya kusomea na njaa ya jioni. Alifungua mfuko, akasoma mhuri, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alitoa fomu ya vielelezo.

"Mabunda sitini ya dola. Tia sahihi hapa, twende."

"Hesabu kwanza."

"Yamepigwa mhuri. Tena wako, naambiwa."

"Mimi sitii sahihi bunda lisilohesabiwa. Nilifanya hivyo mara moja. Fungua, hesabu, andika, bunda kwa bunda. Ni haki yangu, na wewe unajua ni haki yangu."

"Dada, usitupotezee muda."

"Basi andika nimekataa, na uandike sababu."

Mpelelezi alitukana kidogo, akavuta stuli mbovu, akakaa. Askari wawili walianza kuhesabu. Walikuwa wazito. Mmoja alilamba kidole kila noti. Walipofika bunda la tatu walikosana hesabu, wakarudia. Kidole alitazama saa ya ukutani. Kumi na moja na dakika arobaini. Kumi na moja na hamsini. Bunda la tisa, Mpelelezi mwenyewe alishika noti na kukunja uso. Akashika nyingine, akainua kwenye taa.

"Hizi nini?"

"Karatasi. Soma tarehe kwenye utepe."

Alisoma. Kidole alimwekea mezani karatasi ya njano, sahihi mbili, yake na ya Bosi: mhuri namba nne umerudishwa, miezi minne iliyopita. Juu ya hiyo akaweka pasipoti. Juu ya pasipoti, tiketi.

"Muulize mtu aliyeibiwa leo mchana kwa nini alikuwa na safari ya kwenda tu jioni. Muulize na wino wa kidoleni."

Simu ya Mpelelezi iliita. Alisikiliza, akarudisha mfukoni.

"Mwenzako wameshamkamata. Alisimamisha gari kandokando ya barabara kuu. Alikuwa anachana mabunda na kumpiga dereva wake."

"Sina mwenzangu," Kidole alisema. "Endeleeni. Bado hamsini na moja."

Waliendelea. Saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili, mabati ya karakana yalitetemeka. Ngurumo ilipita juu yao, ikaelekea mbali, ikafifia. Hakuna aliyeijali ila mmoja. Alifumba macho, na machozi yaliyomgomea miezi minne yalikuja yenyewe.

"Unalia nini sasa?"

Alijifuta kwa kiganja, akavuta fomu. "Wizi nimefanya, andika. Nimeingia, nimechukua mfuko, sikatai. Noti bandia si zangu, andika na hilo, kwa herufi kubwa. Kalamu iko wapi?"

JUMATATU, SAA 5:20 ASUBUHI

Askari magereza wa kike alikuja kwenye nondo, simu yake mwenyewe mkononi. Alitazama nyuma kwanza.

"Mdogo wako ametuma ujumbe. Anasema keshia wa hospitali aliweka noti zote tisini kwenye taa, moja moja, mara mbili. Zote zimepita. Mama ameingizwa chumba cha upasuaji."

Kidole alisimama. Alishika nondo.

"Nisomee tena."

Alisomewa tena. Alirudi akakaa kwenye godoro, akavuta pumzi ndefu, akapangusa kidole gumba kwenye gauni la mahabusu.

"Lazima zipite," alisema. "Nilizishika mwenyewe."